Pingili Imehama: Nani Ameishika?

Hotuba ya mtaalamu wa fiziotherapia kwa wabebaji mizigo na akina mama wa soko, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana wa mkokoteni: wenye shikamoo yao shikamooni, wengine mambo zenu. Nashukuru mmenipa saa hii ya mchana, malori ya asubuhi yameshashushwa na ya jioni hayajaingia. Najua kuna mtu hapa amekatiza usingizi wake chini ya meza ya nyanya ili aje kunisikiliza, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nilipopigiwa simu niliambiwa, "Dada, njoo utueleze habari ya pingili kusagika." Hilo ndilo neno letu. Mwingine atasema zimepishana, mwingine zimeachana, mwingine mgongo umeteguka. Maneno ni mengi lakini picha inayomjia mtu kichwani ni moja: kuna mfupa unataka kuchomoka, na siku akiinama vibaya atapooza. Leo nazungumzia jambo moja tu kati ya hayo, pingili kuhama, yaani kipande kimoja cha mfupa wa uti wa mgongo kuteleza mbele ya kile kilichokibeba. Nimelichagua kwa sababu ndilo linalowatoa watu jasho wakilisoma kwenye karatasi ya majibu. Tena nami nimo. Niliyesimama hapa mbele yenu, pingili yangu ya 4 ya kiuno imetoka mbele ya ile ya 5. Tuliiona kwa bahati tu, siku nilipopigwa picha ya tumbo kutafuta vijiwe vya figo. Mnaniona nimesimama, na asubuhi hii nimekuja na daladala, nimeshikilia bomba tangu Mbagala.

Sasa tuongee lugha ya kazi yenu. Panga makreti matano ya soda kwenye mkokoteni, moja juu ya jingine, usifunge kitu, halafu sukuma upite kwenye lile shimo la pale getini. Hufiki. Chukua ile mipira mnayokata kwenye tyubu, zungusha, kaza. Utafika hata Buguruni, na kreti moja limejitokeza mbele kidogo wala huna habari nalo. Kinacholeta usalama wa mzigo ni nini pale, kreti au mpira?

Mgongo una pingili 33. Shingoni 7, nyuma ya kifua 12, kiunoni 5, na zilizobaki zimeungana zikawa mifupa miwili: ule mpana ulio kati ya makalio, na kile kijimkia cha kifandugu. Zinazocheza ni 24. Kati yake kuna diski, yaani vitakia, nyuma kuna viungo vidogo, na kote zimefungwa kwa kano, zile kamba za kuunganisha mfupa na mfupa. Mwaka 1961 watafiti wawili wa Marekani, Lucas na Bresler, walichukua uti wa mgongo wa maiti, wakaondoa misuli yote, wakabakiza mifupa na kano, wakausimamisha na kuanza kuupakia uzito juu. Ulikunjika kwa uzito wa kama kilo 2. Kilo 2 za mchele, akina mama! Na humu ndani kuna mtu asubuhi hii kabeba gunia la viazi. Tofauti yake na ule mgongo wa maabara ni mipira, yaani misuli, pamoja na mishipa ya fahamu, yaani neva, inayoiamuru ikaze kabla mzigo haujatua begani.

Mwaka 1992 mtafiti mwingine, Panjabi wa chuo cha Yale, aliliweka jambo hili vizuri. Alisema mgongo unashikwa na watatu: mifupa na kano zake, misuli, na ubongo na neva zinazosimamia. Mmoja akilegea, wenzake wawili wanaweza kumbebea. Mgongo unakosa uimara pale mmoja anapolegea na wenzake wakashindwa kufidia. Kwa hiyo mtu akinionyesha picha yenye pingili iliyohama, swali langu la kwanza ni: nani ameishika? Imehama milimita ngapi, hilo nalipima baadaye.

Inahamaje? Kila pingili ina upinde wa mfupa kwa nyuma, na upinde huo una vitu kama kulabu vinavyokamata pingili jirani. Kiuno chetu kimebonyea, na pingili ya 5 imekaa kwenye mteremko kabisa. Mchana kutwa uzito wa mwili unaisukuma iteremke mbele, kulabu zinakataa.

Kwa watu wengine shingo ya kulabu hupata ufa. Haivunjiki kwa kishindo. Ni kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka ukatike, na mara nyingi hutokea utotoni, kwa mtoto anayeruka, anayecheza sarakasi, anayerusha mpira wa kriketi kwa nguvu. Huko Marekani walipiga picha watoto 500 wa darasa la kwanza. Wenye ufa walikuwa zaidi kidogo ya 4 katika kila 100, na walipofika utu uzima wakawa 6. Watoto wachanga hawana kabisa. Mwaka 1981 walichunguzwa watu 143 ambao hawajawahi kutembea maishani mwao, hakukutwa hata mmoja. Maana yake, ufa huu ni ushuru tunaoulipa kwa kusimama wima. Wale watoto wenye ufa walifuatiliwa miaka 45. Waliokuwa na ufa upande mmoja hakuna aliyehama pingili. Waliohama, kasi ya kuteleza ilipungua kila miaka kumi. Na maumivu yao ya mgongo hayakuzidi ya watu wengine wa kawaida. Nikisoma utafiti ule huwa nawakumbuka wagonjwa wangu walioacha kazi kwa sababu ya karatasi.

Aina ya pili ndiyo yangu. Hapa kulabu haikupasuka, imelika. Diski imepungua kimo, viungo vya nyuma vimechakaa, pingili inasogea. Hukamata zaidi ya 4 juu ya 5, baada ya miaka 50, na wanawake tunaongoza kwa mbali. Hii haiendi mbali, lakini kwa kuwa upinde unasogea pamoja na pingili, njia ya neva inabanwa. Mtu wa namna hii utamtambua kwa mwendo. Akitembea mikono mitupu dakika kumi miguu inakuwa mizito, inakufa ganzi, lazima atafute pa kukaa. Mpe mkokoteni ausukume akiwa ameinama, anakwenda! Kuinama kunaipanua njia, kunyooka kunaifunga. Wazee wawili hapa wanatabasamu, naona nimewagusa.

Kuna na nyingine: mtoto aliyezaliwa na kulabu dhaifu, ajali ya gari au kuanguka toka juu ya lori, na mfupa ulioliwa na ugonjwa. Kwetu ugonjwa wa kuufikiria haraka ni kifua kikuu, ambacho pamoja na jina lake hakikai kifuani tu. Daktari Mwingereza, Percivall Pott, alikieleza cha mgongo mwaka 1779. Ukiwa na maumivu ya mgongo yasiyopungua hata ukilala, homa za jioni, jasho la usiku, mwili unapungua, mgongo unaanza kutoa kibyongo, hapo usimwendee mtu wa mazoezi kama mimi kwanza. Nenda kapimwe. Dawa za kifua kikuu nchini kwetu hazilipiwi.

Akina mama, niwape na hii, ingawa haihusiani sana na mizigo. Aliyeandika kwanza habari ya pingili kuhama alikuwa mzalishaji, Herbiniaux wa Ubelgiji, mwaka 1782. Alikutana na mama ambaye mtoto hashuki, akigusa anakuta mfupa umejitokeza ndani ukiziba njia. Pingili ilikuwa imeporomoka mbele ya nyonga. Kuporomoka kiasi hicho ni nadra sana. Madaktari hugawa kuhama kwa daraja, tangu utaratibu wa Meyerding wa mwaka 1932: daraja la 1 ni pingili kutoka robo au chini ya robo ya upana wake, la 2 mpaka nusu, la 3 mpaka robo tatu, la 4 zaidi ya hapo. Watu wazima wengi tunaowaona wako daraja la 1, wachache la 2. Mnapopewa karatasi tafuteni namba hiyo kabla ya kulia.

Na picha yenyewe msiiamini kuliko mwili wenu. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti nyingi zilizopiga picha watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 50, kama 14 katika 100 walikuwa na pingili iliyohama. Wenye miaka 80, nusu. Hawa hawaumwi! Nasema hivi nikijua kijana mmoja aliyebeba mizigo vizuri tu, akaumia msuli, akapigwa picha, akaambiwa na mtu mwenye koti jeupe kwamba pingili imehama na asinyanyue kitu zaidi ya ndoo ndogo. Alikaa nyumbani miaka miwili. Alipokuja kwangu mapaja yamekonda, tumbo limelegea, anatembea kama aliyebeba mayai. Pingili yake ilikuwa palepale ilipokuwa. Kilichokuwa kimeondoka ni mipira yote.

Ukihitaji picha, omba ipigwe umesimama. Ukilala pingili inaweza kurudi mahali pake ikakudanganya. Wakati mwingine daktari atataka moja umeinama mbele na nyingine umejinyoosha nyuma, alinganishe. Ikisogea zaidi ya milimita 3 au 4 kati ya picha hizo, wengi huhesabu kwamba hapo hapana uimara. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ni ya kuangalia neva, na si kila mgongo unaoumwa unaihitaji.

Tiba sasa. Naanza na ya kukataza, kwa sababu naona vijana mnavyopeana huduma hapa nyuma ya godauni. Kukanyagwa mgongo na mtoto. Najua raha yake, baba yangu alikuwa akinipandisha mimi. Lakini fikirini: pingili imeteleza kwenda mbele, upande wa tumbo. Wewe unamlaza mtu kifudifudi, unamsimamisha mwenzake juu. Unaisukuma wapi? Hukohuko mbele. Hali kadhalika mchuaji anayekuahidi "kuirudisha" kwa kubonyeza. Mikono ya kuifikia kutokea mbele ingebidi ipite tumboni. Kuchuliwa misuli iliyokaza, kwa upole, sina ugomvi nako. Kurudisha pingili kwa kidole gumba ni kazi ambayo haipo.

Maumivu makali yakikushika, pumzika siku moja au mbili, kisha anza kutembea. Kitanda kinalegeza mipira. Dawa za maumivu kama diklofenaki zinasaidia kwa siku chache, lakini kuna watu hapa wanazinunua dukani kila asubuhi pamoja na chai, mwaka wa tatu huu. Zinatoboa tumbo na kuharibu figo, hasa mwenye presha. Mkanda wa mgongo ni mgeni wa wiki kadhaa, asigeuke mwenye nyumba. Sindano ya mgongoni, ile ya kutuliza neva iliyovimba, inampa mtu nafuu ya muda ili aweze kufanya mazoezi. Mtoto mwenye ufa mpya yeye asimamishe mchezo, kwa kawaida kama miezi 3, na mara nyingi maumivu huisha.

Mazoezi ndiyo nitakayokaa nayo. Mwaka 1997 kundi la O'Sullivan huko Australia liliwachukua watu 44 wenye ufa au pingili iliyohama na maumivu ya muda mrefu. Nusu wakafundishwa kwa wiki 10 kukaza misuli ya ndani: ule wa tumbo unaozunguka kiuno kama kanga iliyofungwa vizuri, na ile midogo ya mgongoni iliyolala pembeni ya kila pingili. Maumivu yao yalipungua, na baada ya miezi 30 walikuwa bado wana nafuu. Pingili hazikurudi. Zilishikwa.

Fuatisheni nami hapohapo mlipokaa. Weka vidole ndani kidogo ya mifupa ya nyonga, hapa mbele. Vuta tumbo la chini ndani taratibu kama unapita kati ya meza mbili za samaki usichafue nguo. Usibane pumzi. Ukihisi vidole vinakazwa kwa ndani, ndiyo huo. Shikilia ukihesabu mpaka kumi huku unapumua. Haya, mnacheka, maana yake mmeacha kupumua. Tena. Huo ukishauzoea umelala, unaufanya umekaa, halafu umesimama, halafu na ndoo mkononi, mpaka siku moja unaukaza kabla ya gunia bila kukumbuka. Ni kazi ya miezi, na wengi wananikimbia wiki ya tatu maumivu yakipungua.

Upasuaji upo, na madaktari wetu wanaufanya, Taasisi ya Mifupa Muhimbili na kwingine. Unawafaa wenye mguu unaozidi kupoteza nguvu, wenye maumivu ya mguu yaliyogoma baada ya miezi kadhaa ya tiba ya kweli, na watoto wanaokua wenye pingili iliyoteremka sana. Kazi yenyewe ni kupanua njia ya neva, au kupanua na pia kuunganisha pingili kwa skrubu na mfupa wa kupandikiza. Skrubu zinashikilia tu kwa muda, mpaka mfupa uungane kama tawi lililopandikizwa kwenye mwembe. Sigara inauzuia mfupa kuungana, na hapo hakuna daktari wa kukusaidia. Je, lazima vyuma? Kwa aina yangu, ya kulika, Wanorwei walichapisha utafiti mwaka 2021 wa wagonjwa 267: waliopanuliwa njia bila vyuma, baada ya miaka 2 hawakuwa nyuma ya wale wenye vyuma. Kwa hiyo mkishauriwa upasuaji, muulizeni daktari kwa adabu, "Daktari, kwangu mimi vyuma ni vya nini?" Anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Hili linalofuata naomba hata anayesinzia aamke. Uzi mkuu wa neva unaishia juu, karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Chini ya hapo unasambaa kama mkia wa farasi, na nyuzi hizo ndizo zinazoamuru kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa. Zikibanwa ghafla, mtu anapata ganzi pale panapogusa tandiko la baiskeli. Mkojo unagoma kutoka, au unatoka bila yeye kujua. Miguu yote miwili inalegea. Kijana wa namna hiyo niliwahi kumpokea siku ya 5. Alikuwa akificha, anaona aibu kusema hahisi akijisafisha. Upasuaji ulifanyika, kutembea anatembea, lakini mpira wa mkojo anao hadi leo. Hayo ni mambo ya saa, wengi huhesabu 48 kuwa mwisho. Ukiona hivyo usiku, ondoka usiku huohuo.

Kidogo kuhusu mzigo, mwenyekiti, maana nimeona jicho lako. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967 yanataka mwanamume mtu mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Na lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita mdomo wake? Sheria ya vipimo inaikataza, lakini mimi nimelipita moja pale mlangoni, limevikwa kilemba cha wavu kama bwana harusi. Watu wanailaumu lumbesa kwa kumpunja mkulima, ni kweli. Anayelipia kilo za ziada kwa kiuno chake haandikwi popote. Naweza kuwafundisha kukaza tumbo mpaka kesho, kuweka mzigo karibu na mwili, kutogeuka na gunia begani bali kugeuka na miguu. Kilo 130 hazisikii mazoezi. Hilo ni lenu kukaa nalo kama chama, na wenye magunia wawepo.

Kuna swali kule nyuma. Ndiyo, baba. Anauliza kama aache kazi, ana pingili ya daraja la 1, miaka 48. Shikamoo, baba. Mguu una ganzi? Hauna. Mkojo uko sawa? Vidole gumba vya miguu unaweza kuvinyanyua? Hebu visimamishe tuone. Vyote viwili, vizuri. Basi lumbesa hapana, mkokoteni sawa, na Jumanne na Ijumaa uje tukaze hiyo mipira. Hiyo bahasha kubwa ya picha unayoikumbatia, iache hapo mezani kwanza, upande huu panda mkekani ulale chali nikuangalie mwenyewe.